Mama Ndago na Meza ya Bosi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umande haujakauka, na Mama Ndago tayari amepiga magoti juu ya gunia lililokunjwa mara nne, uso umeinamia nyasi utadhani ameangusha hereni. Mkononi ana kijiko cha kulia kilichonolewa ncha. Anakididimiza ardhini, anakizungusha, anavuta polepole. Linatoka jani jembamba, kisha mzizi, na mwisho wa mzizi kipunje cheusi kisichozidi harage.

"Huyu hapa, mwizi wangu!" anasema, na kukitupa kwenye kopo la rangi.

Hatua mbili nyuma yake, mbwa mweupe mwenye sikio moja jeusi anatafuna majani bila haraka. Anaitwa Bosi, na ni wa bibi mshonaji wa chumba cha chini.

Jina halisi la mwanamke huyu wanalijua mumewe na karani wa zahanati. Wengine wote humwita kwa jina la gugu ambalo amepigana nalo kwa miaka kumi na tisa. Ndago, anaeleza, ni kiumbe mwenye hila. Ukikata jani na kuacha kipunje chini, baada ya siku kumi utakikuta kimerudi na ndugu zake. Ndiyo maana humwagia maji jioni, ili asubuhi udongo uwe laini na kipunje kitoke kizima. Kwenye nyufa za njia ya saruji, anatumia birika la maji yanayochemka. Nyasi zenyewe hazikati fupi.

"Ukizinyoa kipara, unayaambia magugu karibuni sebuleni," anasema.

Leo moyo haujatulia. Saa mbili kamili mwenyekiti wa kamati ya wapangaji atakuja kukagua uwanja huu, ulio katikati ya majengo manne ya ghorofa. Wiki mbili zilizopita alimpa sharti moja: ndago na magugu mengine yote yaishe, la sivyo bwana wa pampu ataletwa apulize dawa ya magugu na kumaliza kazi kwa dakika arobaini. Uwanja huu ndio kazi yake kubwa pekee. Ukiondoka, anabaki na bustani mbili ndogo.

Lakini si kazi tu inayomnyima usingizi. Ukimuuliza kuhusu pampu, anaweka kijiko chini.

Miaka minne iliyopita naye alikuwa na pampu mgongoni na bustani saba mikononi. Siku moja alipuliza dawa kwenye nyumba yenye geti la kijani, akaondoka bila kumwambia mtu. Mchana mbwa wa nyumba hiyo, wa rangi ya kahawia, akatoka kula nyasi kama kawaida yake. Usiku huo alitapika hadi akashindwa kusimama. Alilala kwa daktari wa mifugo siku tano.

"Hakuna aliyenishuku," anasema. "Walidhani amekula panya. Mimi nilijua. Nikapiga hodi, nikasema ni mimi. Yule mama mwenye nyumba hakunigombeza. Alifunga geti tu, taratibu. Afadhali angenitukana."

Alimfuata daktari yule na kumuuliza kwa nini mbwa ale majani wakati nyumbani kuna nyama. Akajibiwa kwamba mbwa wengi hula nyasi kwa mazoea tu, hata wakiwa wazima kabisa, na kwamba mara nyingi jani halina neno. Shida ni kilichopakwa juu yake. Pampu akaigeuza kuwa ya kumwagilia mboga. Wateja watano hawakuwa na subira ya kijiko, wakamwacha.

Kwa hiyo alipopewa wiki mbili, aliingia kazini kwa pupa. Alichimba kutoka ukutani hadi kwenye bomba la maji, hakubakiza kitu. Hata kichaka cha majani mapana yenye kukwaruza, kilichoota kando ya bomba, alikifyeka na kukichimbua. Siku ya tisa uwanja uling'aa, naye akaenda nyumbani akiimba.

Kesho yake mwenyekiti alipiga simu kabla Mama Ndago hata hajavaa viatu.

"Mama, mbwa amekula vyungu vyangu!"

"Vyungu, mwenyekiti, au majani?"

"Usinichekeshe! Njoo uone!"

Majani marefu ya urembo aliyopanda mzee huyo kwenye vyungu vitatu mlangoni pake yalikuwa yamebaki visiki. Bosi alikaa pembeni akijilamba, hana habari. Hapo ndipo Mama Ndago alipojishika kichwa. Kile kichaka cha bombani kilikuwa mahali pa Bosi. Kila asubuhi mbwa alikuwa akienda kutafuna palepale, na yeye alikuwa amemwona kwa miezi bila kumtazama.

"Wewe, dada, umeng'oa meza ya watu kisha unashangaa wageni wakila kwa jirani?" bibi mshonaji alimwambia, akicheka hadi pini zikamdondoka mdomoni.

Zilibaki siku nne. Mama Ndago alirudi kwenye rundo la takataka, akafukua mashina ya yale majani mapana, akachagua yaliyokuwa bado hai. Aliyapanda upya kando ya bomba, akayazungushia mawe. Nyumbani mumewe, fundi viatu, alimtazama akiosha tope mikononi.

"Mke wangu, watu wanakuajiri kung'oa, wewe umeanza kupanda? Na zimebaki siku nne ukaguliwe?"

"Nyamaza, baba," alimjibu. "Nikifukuzwa, nitakuja kukushikia gundi."

Alicheka, lakini anakiri kwamba usiku huo hakulala. Sharti lilikuwa wazi: gugu lolote likionekana, bwana wa pampu anaitwa. Na yeye alikuwa amelipanda kwa mikono yake, tena akaliwekea mawe lionekane vizuri.

Saa mbili inagonga. Mwenyekiti anafika na fimbo yake, miwani juu ya pua. Anatembea mstari kwa mstari. Anachokoa hapa, anainama pale, anaguna. Hapati ndago hata moja. Mama Ndago anamfuata nyuma, kopo limekumbatiwa kifuani. Kisha fimbo inafika kwenye mawe.

"Na hili gugu?"

"Hilo si gugu, mwenyekiti. Hicho ni chakula cha Bosi. Ukiling'oa, nitakuomba uniambie kesho atakula wapi."

Mwenyekiti anagonga jiwe moja kwa fimbo. Mlango wa bibi mshonaji unafunguka na Bosi anatoka tena. Anapita kwenye vyungu vitatu, ambavyo vimeanza kuchipua. Anavinusa kimoja kimoja, na bibi mshonaji anashika shavu. Kisha mbwa anakata kona, anakuja hadi bombani, anaingiza pua kati ya mawe na kuanza kutafuna.

Mwenyekiti anaondoa fimbo kwenye mawe. "Huyu mbwa ana nidhamu kuliko wapangaji wangu," anasema. "Mama, endelea. Mwaka mzima. Huyo wa pampu nitamwambia asije."

Mama Ndago anakaa chini palepale kwenye umande, anacheka na kufuta macho kwa kiwiko, maana vidole vimejaa udongo. Bibi mshonaji anapiga vigelegele peke yake.

Mwenyekiti akishaondoka, Mama Ndago anachukua kijiko na kuchimbua shina moja la majani mapana, taratibu, na mizizi yake yote. Analiweka kwenye beseni la zamani lenye udongo safi. Hilo si la hapa. Mbwa wa kahawia bado yu hai, ameshazeeka. Kila apitapo njia ile, Mama Ndago humwona amelala nyuma ya geti la kijani. Kwa miaka minne hajagonga tena.

"Jumatatu nagonga," anasema. "Wasipofungua nitaliacha mlangoni. Nitaandika kwa mkaa ubavuni: Halijapuliziwa kitu. Mama mwenye nyumba ataujua mwandiko wangu, zamani nilikuwa namwandikia risiti. Na mbwa ataijua harufu ya mkono wangu. Akikubali kula, mimi nimesamehewa."