Hasa Rungwe

Niliondoka Dar es Salaam mwezi wa tatu kwa sababu nilikuwa na neno la kumwambia mama, na neno hilo lilikuwa limenikaa kooni kwa miezi minne. Nilikuwa nimepunguzwa kazini. Ilikuwa ile miaka ya ruksa: maduka yamejaa bidhaa, mabasi ya watu binafsi yanashindana barabarani, na maofisi ya serikali yanapunguza watu. Mimi nilikuwa karani wa hali ya hewa. Wataalamu walisoma vipimo vyao, nami nikaviandika kwa Kiswahili cha kueleweka, vikaenda kusomwa redioni baada ya habari za saa kumi jioni. Mama hakuwa na fahari nyingine kubwa kama hiyo. Kijiji kizima cha kwetu, kule Matwebe, kilijua kuwa Lusajo wake ndiye anayeiambia nchi kama mvua itanyesha. Nitamwandikiaje habari kama hiyo kwa barua?

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka. Jana yake nilikuwa nimepita ofisini kuwasalimu wenzangu, wakaniambia kuna mvua kubwa yenye upepo inakuja kutoka upande wa Msumbiji, na kwamba itazipiga nyanda za juu kusini baada ya siku tatu. Nikajipa moyo kwamba nitafika kabla yake. Njia nzima nilikuwa nanyoosha shingo kutazama juu. Abiria mwenzangu aliniuliza kama nimepoteza kitu mawinguni. Nikamwambia ndiyo, kazi. Akacheka, akadhani natania.

Mikumi jua lilikuwa kali na mbingu nyeupe. Kitonga tulipanda polepole, hewa ikaanza kupoa. Makambako nikavaa sweta. Nilikuwa nimekaa miaka mitano bila kufika nyumbani, kila mwaka na kisingizio chake, na baridi ile ilipogusa uso wangu nilifungua dirisha zaidi. Mbeya tulifika kiza kinaingia, nikalala nyumba ya wageni.

Asubuhi nilipata basi dogo la Tukuyu. Isongole ukungu ulikuwa mzito, wauza viazi wamejifunga mablanketi. Tukateremka kuelekea Kiwira, na pale migomba ilipoanza kuonekana pande zote mbili za barabara, macho yalinilowa. Sina aibu kulisema. Miaka yote ofisini, kila nilipoandika habari za nyanda za juu kusini, nilikuwa naona mteremko ule. Ndiyo maana mwisho wa sentensi nilikuwa naongeza maneno mawili ya kuitaja wilaya yetu, ambayo hakuna mtaalamu aliyeniagiza: "hasa Rungwe." Mkuu wangu alikuwa ananitania, lakini aliyaacha. Mvua za kwetu haziishi, kwa hiyo ni mara chache sana nilikuwa nasema uongo.

Saa nne, sokoni Tukuyu, nilikutana na jirani yetu, Mama Ipyana, na kapu lake la maparachichi.

"Ugonile, Lusajo!" alinisalimu kwa Kinyakyusa, akanishika mikono yote miwili. "Gwe, umetuokoa juzi. Ulivyosema mvua itaanza mchana, tukayaingiza maharage ndani mapema. Waliobisha, yao yameota."

"Nilisema mimi?"

"Sasa nani? Mama yako si ndiye anatuambia kila siku. Redio yake betri zimechoka, haisikiki mpaka aiweke sikioni, basi anatusikilizia wote."

Nilimshukuru kama mwizi anayeshukuru kwa kuitwa mwaminifu. Miezi minne sikuwa nimeandika hata mstari. Njia ya kwenda Matwebe nilitembea kwa mguu, nikijiuliza mama anasikia nini kwenye redio ile.

Mchana nilimkuta anakata matawi ya kuegemezea migomba. Alikuwa amepungua mwili. Aliliweka panga chini, akaniuliza kama nimekula. Nilikula ndizi na maziwa mgando. Yeye hakuuliza chochote kuhusu kazi, na hilo likanitia wasiwasi zaidi.

Saa kumi jioni majirani watatu wakaja barazani, na Mama Ipyana miongoni mwao. Mama akaibana redio sikioni. Nilisogea karibu kabisa, nami nikasikia sauti nyembamba ya msomaji: nyanda za juu kusini, mvua na ngurumo katika maeneo machache. Basi. Wakahamia Pwani.

"Na kwetu je?" aliuliza Mama Ipyana.

Mama aliiweka redio mapajani. Akatazama kusini, upande wa ziwa, ambako wingu lilikuwa limelala chini, jeusi. Akatazama Mlima Rungwe uliojifunika mpaka kiunoni.

"Mwanangu anasema hasa Rungwe," alisema. "Kesho, upepo mkubwa. Egemezeni migomba leo hii."

Walinishukuru mimi, wakaondoka haraka. Tulibaki wawili. Nikafungua mdomo.

"Mama, mimi pale ofisini..."

"Hupo pale tena. Tangu kabla ya Krismasi."

"Nani alikwambia?"

"Waliacha kututaja. Pale kwenu, nani mwingine anakumbuka kama Rungwe kuna watu?" Akalichukua panga lake. "Nilisema mwanangu akiwa tayari atakuja kuniambia. Mpaka hapo jina lako nilishike mimi, lisianguke. Haya, shika mti huo, mvua haisubiri mtu."

Nililia huku nachimba mashimo ya nguzo, naye hakunikataza.

Kesho yake asubuhi mvua ilikuja kama alivyosema. Upepo ulipiga tangu saa tatu hadi adhuhuri, bati la jirani mmoja likafunuka, lakini migomba yetu karibu yote ilisimama. Nilikaa siku sita. Nilitaka kubaki, na mama alijua, lakini mke wangu na watoto walikuwa Dar, pamoja na meza ya mitumba tuliyokuwa tumeianzisha. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia ukungu utaondoka saa nne na nisivue sweta kabla ya Makambako. Ikawa hivyo hivyo.

Nilikuwa nimekwenda kumpa mama habari, kumbe habari yangu ilimfikia siku ile ile nilipoacha kumtaja. Siku hizi nina redio ndogo pale mezani kwenye mitumba. Saa kumi naifungua, wakishapita nyanda za juu kusini naizima. Maneno mawili yanayobaki hayasomwi Dar es Salaam. Matwebe, barazani, mama anaiweka redio mapajani, anatazama upande wa ziwa, anawaambia majirani: "Mwanangu anasema."