Mama Zima na nyumba alizozifungia umeme mjomba wake

Saluni imenyamaza. Wateja watatu wamekaa chini ya mashine za kukaushia nywele zilizozimwa, vichwa vyao nusu vibichi, na mmoja anajipepea kwa kifuniko cha kopo la dawa. Mwenye saluni amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Pembeni mwa sinki la kuoshea nywele, mwanamke wa makamo amepiga magoti, uso wake karibu ubusu soketi.

Kifuani amening'iniza kifaa cha njano, kinene kama tofali, chenye kioo kidogo na nyaya mbili. Anagusa skrubu kwa ncha ya waya, anasoma kioo, anahamia nyingine. Mteja anauliza kama umeme umekatika mtaa mzima. Mwenye saluni anamwambia hapana, ni huyu dada.

Huyu dada mtaani wanamwita Mama Zima, kwa sababu neno lake la kwanza akishavuka kizingiti ni "zimeni". Ni fundi umeme kwa kusomea, lakini siku hizi hafungi nyaya. Anapima zile zilizofungwa na wengine, aone kama umeme huo unaweza kukaa nyumba moja na binadamu.

"Watu wakiona taa inawaka wanasema kazi imekwisha," anasema akijifuta magoti. "Taa inawaka hata kwenye nyumba itakayomuua mtu kesho."

Kifaa chake kinafanya kazi ya vifaa kadhaa. Kinamwambia kama ganda la nyaya limechoka na linavujisha, na kama swichi ya usalama itawahi kukata umeme kabla mtu hajadhurika. Zaidi ya yote kinamwambia kama waya wa ardhini umeshika, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja udongoni, ili mlango wa friji usimrushe mtoto anayetafuta maji ya kunywa.

Bei yake ingetosha kununua pikipiki iliyotumika. Alikipata kupitia mchezo wa kupeana fedha wa akina mama, na alipotumia zamu yake kukinunua, wenzake walidhani amerogwa.

Ni mtu asiyetulia. Chai anainywa amesimama. Msibani, wenzake wanapoinamisha vichwa, yeye macho yake yako kwenye waya uliopitishwa dirishani kwenda kwenye vipaza sauti. Mumewe, fundi cherehani, anasema alioa mke akaletewa mkaguzi. Wakilala ugenini, kabla hajavua viatu, mkewe ameshapapasa kuta zote za chumba.

Hali hiyo, mumewe anasema, ilizidi tangu mambo ya kituo cha watoto.

Muuguzi mmoja mstaafu alikuwa amegeuza nyumba yake kuwa kituo cha kulelea watoto wadogo. Kuta zilipakwa rangi, magodoro yalitandikwa, wazazi walishaambiwa Jumatatu walete watoto. Kilichobaki ni mtu wa kupima umeme na kutia sahihi. Aliitwa Mama Zima.

Alipofungua kisanduku cha swichi alicheka peke yake. Nyaya zilikuwa zimelazwa kama nywele zilizochanwa, kila moja na mkunjo wake. Mkono ule aliujua. Ulikuwa mkono wa mjomba wake, kaka wa mama yake, mtu aliyemlea yeye baada ya baba yake kufariki, na aliyempandisha darini angali msichana mdogo, akimfundisha kutofautisha nyaya kwa harufu ya joto lake.

"Nilijua nitamaliza mapema," anakumbuka. "Kazi ya mjomba haikuwa na maneno."

Sebuleni vipimo vilikuwa safi. Jikoni, kwenye soketi ya friji, kioo kikakataa. Waya wa ardhini haukuonekana kabisa, kana kwamba haukuwahi kuwekwa. Akabadilisha betri, akabadilisha nyaya za kifaa, akarudia. Soketi ya mashine ya kufulia, vilevile. Soketi ya pembeni ya bafu la watoto, vilevile.

Friji ilikuwa inanguruma. Mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka. Hakuna ambaye angegundua, hadi siku ambayo waya ungechubuka ndani ya friji na mtoto akaja peku na mkono uliolowa.

Muuguzi alimsihi. Alimweleza kwamba fundi aliyefunga ni mtu mzima anayeheshimika, na kwamba marekebisho yangefanyika wiki ya kwanza, watoto wakiwa wamelala. Mama Zima hakutia sahihi. Hakusema pia kwamba fundi huyo ni mjomba wake. Alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi akapima tena, akatoka tena.

Habari zilimfikia mjomba kabla mpwa wake hajafika kwake. Mzee alikuwa kibarazani akinoa kisu. Aliitikia salamu, akaingia ndani, akafunga mlango. Kwa tabia yake, kufunga mlango mchana ni tusi.

Mama mzazi wa Mama Zima ndiye aliyempigia simu. Hakufoka. Alimkumbusha nani alimnunulia sare za shule na nani alimkabidhi bisibisi ya kwanza, kisha akamwambia maneno ambayo Mama Zima anayarudia leo akitazama pembeni.

"Umemvua nguo mjomba wako mbele ya watu. Sasa nenda ukamvishe."

Usingizi ulihama. Alipika akasahau chumvi, akashona kitufe kwenye shati la mumewe upande usio wake, na fundi cherehani akalivaa hivyohivyo bila neno. Alijiuliza kama kifaa kimemdanganya, ila alijua hakijamdanganya. Kilichomkereketa ni kwamba mtu aliyemfundisha kukaza skrubu mara mbili hawezi kuacha soketi tatu hivi hivi, labda kuna jambo.

Jumapili asubuhi alirudi kugonga kwa mjomba. Hakuomba radhi na hakujitetea. Alimwomba waende pamoja kituoni, afungue soketi yeye mwenyewe, na kama kosa ni la kifaa, atakiuza. Mzee akaenda kuchukua mfuko wake wa vyombo vya kazi.

Jikoni kwa muuguzi, umeme ukiwa umezimwa, mjomba alifungua soketi ya friji kwa wepesi wa kijana. Akaivuta nje na nyaya zake. Akaisogeza karibu na macho. Akaipeleka mbali. Akaielekeza dirishani kwenye mwanga, akaigeuza. Kisha akamnyooshea mpwa wake.

"Nisomee," alisema.

Mama Zima aliangalia. Waya wa kijani na njano ulikuwa umeingizwa mahali pake, na skrubu imekazwa sawasawa, lakini imekazwa juu ya plastiki. Shaba haikuguswa. Ukiuvuta hautoki, ukiupapasa umeshika. Alimwambia mjomba hivyo, taratibu, kama anayemsomea mtu barua ya hospitali.

Mzee aliketi kwenye kiti kidogo cha watoto kilichokuwa karibu, magoti yakamfika kidevuni.

"Ni muda sasa nafanya kwa vidole," alisema. "Nilidhani vidole vinatosha."

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa amelificha jambo hilo hata kwa mkewe, kwa sababu fundi asiyeona nani atamwita? Mama Zima anasema hakupata nafasi ya kulia. Walirekebisha zile soketi siku hiyohiyo, mjomba akishika nyaya na yeye akimwambia ziko wapi. Kifaa kikakubali, sahihi ikatiwa, watoto wakaja Jumatatu wakiwalilia mama zao kama watoto wote.

Lakini Jumapili ile, alipokuwa akikunja nyaya za kifaa chake, alizikumbuka nyumba nyingine alizofungia mjomba. Alimuuliza mjomba tangu lini anafanya kwa vidole.

Hapo ndipo ilipoanza kazi isiyolipwa na mtu. Mjomba anazikumbuka nyumba zote alizofungia umeme tangu macho yaanze ukungu. Hazikumbuki kwa anwani. Kuna kwa dobi, kwa mwalimu mwenye mapacha, kwa mama mwenye mbwa mkorofi. Wawili hao wanatembea baada ya kazi na mwisho wa wiki, mpwa mbele, mjomba nyuma ameshika bega lake penye makorongo.

Kwingine wamekuta kila kitu sawa. Kwa dobi walikuta soketi za pasi mbili kubwa hazina waya wa ardhini ulioshika, na dobi akakiri kwamba wafanyakazi wake walishalalamika pasi zinawatekenya, naye akawaambia waache deko. Kwingine wamefukuzwa. Mwenye nyumba mmoja aliwaambia waziwazi kwamba mtu harudi kuchimbua kazi yake mwenyewe ila ana njama.

Mama Zima anataka nyumba zote ziishe kabla ya mvua, kwa sababu ukuta ukilowa umeme hutafuta njia. Anataka pia mjomba apasuliwe macho mwezi huu. Mzee anakataa, nyumba kwanza, macho baadaye. Wanabishana hilo njia nzima, na mama yake, ambaye sasa huwapelekea uji, amegoma kuamua.

"Akipona nitampa hiki kifaa apime yeye," anasema Mama Zima. "Mimi nitabeba mfuko."

Jioni hii wako mbele ya geti la bati. Ndani, redio inaimba na pampu ya maji inanguruma. Mama Zima anahamisha uzito mguu hadi mguu, ananyoosha mkono kugonga. Mjomba anamshika kiwiko, anamsogeza pembeni, anagonga mwenyewe. Mwanamke anachungulia, mtoto kiunoni, anauliza wanamtafuta nani.

"Ni mimi fundi niliyekufungia umeme, mama," mjomba anasema, akitazama ilikotokea sauti. "Sikuwa naona vizuri. Naomba turudie."