Rimu za Gari la Dada

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuhesabu matundu ya nati tu, bila kupima tundu la katikati. Leo nimenusa makumbi ya nazi nikaikumbuka asubuhi ile. Rimu nilizomchagulia dada zilikataa kuingia kwenye gari lake. Za zamani alikwisha kuziuza, na adhuhuri alitakiwa kumpeleka bibi harusi Msambweni.

"Hizi basi tupakulie pilau, mwanangu," fundi wa gereji akanicheka.

Machozi yalinilengalenga. Kisha nikaona vyuma vinavyobeba magurudumu, vile vinavyopita kwenye tundu la katikati, vimevimba kutu ya chumvi. Nikavisugua kwa makumbi na mchanga hadi vikang'aa. Rimu zikaingia, zote nne.

"Nati uzifunge wewe, mdogo wangu," dada akasema.

Siku hizi gereji ni yangu, na tundu la katikati nalipima mara tatu.