Kicheko Changu Kimeandikwa Kuwa Kauli ya Wanafunzi

"Wanafunzi wana mwakilishi wao kikaoni, sasa wanapiga kelele za nini?" Hayo aliandika msomaji mmoja hapa juma lililopita, na wengi mkamshangilia. Basi mjueni huyo mwakilishi. Ni mimi.

Admin, nifichie jina. Nina miaka arobaini na minane, mkazi wa Makorora, mwalimu niliyerudi kusoma shahada katika chuo kimoja hapa hapa Tanga. Darasani wengi ni rika la wanangu. Walinichagua niwawakilishe kwenye kamati ya nidhamu ya chuo, wakisema, "Mwalimu, sisi tukisema tunaonekana watoto. Wewe watakusikiliza."

Walinisikiliza? Walinikaribisha! "Mzee mwenzetu, njoo ukae huku mbele." Nikaketi ubavuni mwa mwenyekiti, nikamiminiwa chai, na kabla kikombe hakijaisha nami nilikuwa nawaita walionituma "hawa vijana". Nimesoma vitabu vingi kuhusu watawala na wanyonge. Siku hiyo havikunisaidia hata kimoja.

Shauri lilikuwa la binti wa Maramba, nitamwita Mwanaidi. Alikusanya saini kudai uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, ulioahirishwa mara mbili, ufanyike. Chuo kikaita huo uchochezi. Mwenyekiti akanigeukia: "Mwalimu, una mabinti. Wako angekuwa mjeuri hivi ungemfanyaje?"

"Ningemcharaza!" nikasema. Tukacheka wote.

Akasimamishwa masomo mwaka mzima. Nilimkuta nje ya bweni, godoro limefungwa kamba.

"Shikamoo mwalimu. Ulinitetea?"

"Marahaba. Nilijitahidi, mwanangu."

"Ahsante. Mwenyezi Mungu akulipe."

Dua hiyo hainitoki masikioni.

Juzi nimeletewa muhtasari wa kikao kile: "Mwakilishi wa wanafunzi aliunga mkono adhabu." Jumatano unathibitishwa. Nikinyamaza, rufaa ya Mwanaidi imekufa, maana itasemwa wenzake ndio waliomhukumu. Nikipinga, nitalazimika kueleza nilichosema, na mwenyekiti huyo ndiye msimamizi wa utafiti wangu. Mke wangu ananiambia, "Baba watoto, maliza kusoma kwanza. Huyo binti ana wazazi wake."

Nishaurini, ila asinijie mtu na neno subira.

Na ninyi wa darasa langu, najua mmeshanitambua. Mlinipa kura mkarudi kulala, nami nikawauza kwa kikombe cha chai. Jumatano njooni mlangoni, mdai muhtasari usomwe mkisikia. Msiniache tena peke yangu mle ndani. Nimeshajiona nikiwa peke yangu.