Jina la Aliyeziba

Mafundi walimwita Mama Povu, naye aliitika bila kinyongo, kwa maana alishaitwa mabaya zaidi. Kazi yake ni kuziba matundu. Bomba likipita ukutani, waya zikipenya kutoka chumba hiki kwenda kile, pembeni hubaki upenyo, na moshi ukishapata upenyo wa kidole haubishi hodi. Moto unaweza kuwaka stoo ya chini, mtu akakosa pumzi ghorofa ya tatu, kitandani mwake, shuka halijaungua hata uzi. Basi yeye huzunguka na makopo ya povu lisiloshika moto, akapuliza kila upenyo, povu likaumuka kama unga wenye hamira, kisha likakauka.

Shule hakuiona. Aliingia kwenye majengo akiwa mfagiaji, akajifunza kwa kutazama mikono ya wenzake. Lowesha tundu kwanza, maana povu halishiki pakavu. Jaza nusu tu, nusu nyingine litaijaza lenyewe. Na usikate mpaka ligande, hata msimamizi akutukane vipi. Mumewe, aliyekuwa fundi wa kupaka rangi, alipokosa kazi, mke ndiye aliyemfundisha hayo yote. Mwanamume alisikiliza nusu, akasema ameelewa.

Lakini mume alijua kuandika. Na kazi hii ina sharti moja: kila tundu likizibwa hubandikwa lebo yenye tarehe, aina ya povu na jina la aliyeziba. Jioni mume alikaa mezani akaandika lebo, asubuhi mke akaenda kuzibandika. Miaka kumi na miwili walifanya hivyo, mke akiona huo ni ushirikiano, kila mtu na kipaji chake.

Mpaka siku binti yao, ana miaka minane, shule zimefungwa, alipomfuata mama hospitalini kwenye kazi. Mtoto akapita ukutani akisoma kila kitu kama watoto waliojua kusoma juzijuzi.

"Mama, hapa wameandika baba. Na hapa baba. Hata hapa juu ya bomba, baba. Kwani baba alikuja lini huku?"

Baba hakuwahi kukanyaga jengo lile.

Alipomuuliza mumewe, mume alicheka. "Sasa mume na mke si kitu kimoja?"

Hawakuwa kitu kimoja. Mwaka uliofuata mume alifungua kampuni ya kuziba matundu kwa sifa za kuta zile, akaoa mwanamke wa ofisini, na wateja wakiulizia yule mama wa zamani, akawajibu, "Ah, yule alikuwa ananibebea makopo." Mama Povu alitoka na kisu chake cha kukatia povu na binti yake. Tangu hapo akaishi kwa vijikazi: duka hapa, jiko la mtu pale. Hata moto ulipozuka stoo ya hospitali ile, moshi ukabaki humohumo stoo, wagonjwa wa jirani wasijue kitu, aliyeitwa jukwaani kupongezwa ni mume. Yeye alisimuliwa na muuza mboga.

Sasa binti amekuwa mkubwa, ana mtoto wa kulea, na ni karani katika kampuni ya baba yake. Damu haikatwi kwa kisu, na tumbo halina kiburi.

Asubuhi moja akaja kwa Mama Povu wifi yake, dada wa yule mume. Hakuwa ameonekana mlangoni hapo kwa miaka, leo kaja na tabasamu la kuazima.

"Wifi yangu jamani, umenenepa!"

"Nimevimba, wifi. Sema kilichokuleta."

Kilichomleta ni hosteli ya wanafunzi wa uuguzi, iliyozibwa na kampuni ya kaka yake. Mkaguzi wa zimamoto alikata matundu mawili matatu kwa kisu, akakuta povu la waridi kwa nje, la manjano kwa ndani. La waridi ndilo linalozuia moto. La manjano ni la kawaida, la kuzibia madirisha, na likishika moto huwaka kama karatasi. Mtu alijaza la bei rahisi, akapaka rangi ya waridi juu. Mazoea ya fundi rangi hayo.

"Kaka yangu anaomba useme ni wewe uliyeziba," wifi alisema. "Lebo zake ulibaki nazo, ukazitumia, hukujua makopo kwa kuwa husomi. Watakuonea huruma, watakupa onyo. Wewe huna kampuni, watakufungia nini? Halafu atakurudisha kazini, uwe msimamizi."

"Nisipokubali?"

"Kampuni inafungwa. Na binti yako anarudi kula kwako, yeye na mtoto."

 Mama Povu alimsindikiza mpaka nje, maana adabu haimnyimi mtu kitu, kisha akaenda kumsubiri binti yake wakati wa chakula cha mchana.

"Siwezi kukwambia useme uongo, mama," binti alisema, macho chini. "Lakini siwezi kusema sitaumia."

Keshoye walikutana hostelini, ghorofa ya tatu: mkaguzi, mume, na yeye. Vitanda vilishapangwa, magodoro bado na nailoni. Wasichana wangehamia wiki ile.

"Ndiye huyu," mume alisema. "Ndiye aliyeziba. Masikini, hakusoma."

"Ni kweli, mama?" aliuliza mkaguzi.

Jibu alikuwa nalo mdomoni. Onyo, kazi, riziki ya mwanawe. Neno moja tu, naye amezoea kudharauliwa, dharau moja zaidi ingemfanya nini? Akachomeka kisu kwenye tundu lililokuwa mbele yake. Povu likatoka zima, kavu, kama kizibo cha chupa. Hawakulowesha. Nyuma yake kulikuwa kutupu, na kwa pale tunduni akauona mto wa kitanda cha chumba cha pili.

Akikubali, lawama itabaki kwake, na mume atarudi kufunika matundu kwa brashi na rangi yake.

"Lebo ya hapa inasemaje, mkaguzi?" akauliza. "Mimi kusoma sijui."

Mkaguzi akasoma. Lilikuwa jina la mume, lote, mpaka la babu.

"Lebo si kitu!" mume akapaza sauti, jasho limemtoka. "Hata zile za hospitali zina jina langu, na aliyeziba zote ni huyu huyu! Sikushika hata kopo moja kule!"

 Mtu akishateleza ulimi hana pa kushika.

"Za hospitali," mkaguzi akarudia taratibu. "Zile za stoo iliyoungua?"

 Mama Povu aliyasubiri maneno yale ya mume miaka mingi. Alidhani siku yakisemwa atapiga vigelegele. Alijikuta anatazama tu yale magodoro.

Kampuni ilifungiwa. Mwenye hosteli akamwomba yeye afukue kila tundu na kuziba upya, kwa jina lake, na wasichana wasubiri. Siku ya tatu, akiwa amepiga magoti kwenye korido, binti yake alitokea na boksi la vitu vyake vya ofisini.

"Umefurahi sasa, mama?"

Mama Povu aliweka kisu chini, akalitafuta jibu la kweli.

"Kidogo," akasema. "Halafu nikakukumbuka wewe."

 Binti akaweka boksi sakafuni, akakaa juu yake, asiondoke. Mama akachukua chupa ya maji, akalowesha tundu lililofuata.