Matairi Membamba ya Mzee Emanikor

Kwa miaka ishirini na sita Emanikor alikuwa mtunza bohari katika gereji ya serikali mjini Lodwar, na kazi yake ilikuwa kutilia sahihi matairi. Yakiingia, anatia sahihi; yakitoka, anatia sahihi. Alipostaafu akajihesabu mtaalamu wa matairi, kama mpiga kengele wa kanisa anayejihesabu askofu. Mfano huo ni wake mwenyewe. Siku hizi hasimulii mkasa huu bila kuutumia, na huanza kucheka kabla ya wasikilizaji.

Baiskeli aliipata kwa bahati. Mgeni mmoja aliyekuwa akizunguka dunia alishikwa na malaria, akaondoka kwa ndege, akamwachia. Ilikuwa baiskeli ya kulala: unaegemea nyuma karibu chali, miguu mbele, pedali juu usawa wa kifua. Daktari alikuwa amemkataza Emanikor baiskeli za kawaida kwa sababu ya mgongo, kwa hiyo aliona Mungu hajamsahau. Watoto wa Kanamkemer, mtaa wake, wao waliona mzee aliyeanguka akasahau kuacha kukanyaga.

Binti yake Abigael, mwalimu huko Kakuma, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Ubatizo ulipangwa Jumamosi saa nane mchana, na mtoto angeitwa Emanikor.

"Lakini uwepo, baba," Abigael alimwambia kwa simu. "Padre hangoji mtu. Ukichelewa, mtoto atapewa jina la babu yake wa huku."

Babu wa huku alikuwa Nangiro, baba mkwe wa Abigael, mtu mwema sana, na Emanikor hakulitaka kabisa jina lake.

"Nitakuja kwa baiskeli," akajibu, na kufikia jioni Kanamkemer nzima ilikuwa na habari, maana aliisambaza mwenyewe.

Matairi ya mgeni yalikuwa yamekwisha. Akaenda kwa Mou, fundi wa Sudan Kusini aliyejifunzia kazi kambini Kakuma kabla ya kufungua kibanda Lodwar. Mou akamtolea matairi mawili mapana, laini katikati, yenye mpira mnene.

"Mzee, chukua hii. Baiskeli ya kulala huwezi inua makalio ukiona shimo. Kila kitu inaingia mgongo. Tairi pana ndio springi yako. Na mwiba haiingii haraka."

Emanikor alikuwa akitazama mengine yaliyoning'inia ukutani, membamba kama kidole, yakimeremeta. Akayabonyeza kwa dole gumba, kama alivyofanya boharini kila mkubwa alipopita.

"Ni lami mpaka Kakuma," akasema. "Mwiba utoke wapi? Mimi nataka mbio."

"Lami iko katikati, mzee. Kando ni mathenge tupu, ile miti ya miiba."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akachukua membamba.

Nyumbani mkewe, Abei, aliyatazama yale matairi, kisha akaitazama miguu ya mumewe. Ilikuwa ndani ya akala zilizochongwa kutoka tairi la lori, nene kama vidole viwili.

"Baba Abigael, miguu umevalisha tairi ya lori. Baiskeli umevalisha karatasi?"

Akamweleza kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu.

Jumamosi alianza safari alfajiri. Abei angefuata kwa gari la abiria baadaye. Na tuseme kweli, matairi yale yalikuwa na mbio. Kila ufa wa lami ulimpiga kiunoni, lakini aliusamehe kwa jinsi alivyokuwa akienda. Magari yakimpigia honi, alipunga mkono kama mgombea ubunge.

Karibu na nusu ya safari akaona akina mama wakiuza makaa kando ya barabara. Hakuna aliyemwita. Alitaka tu waione baiskeli.

"Ejok!" akapaza sauti kuwasalimu, akaiacha lami na kupita moja kwa moja juu ya matawi ya mathenge waliyoyakata kwa ajili ya makaa.

Matairi yote mawili yakatoa pumzi. La mbele lilikuwa na miiba kumi na mmoja. La nyuma hakulihesabu. Mfukoni alikuwa na viraka vinne.

"Ejok nooi," akina mama wakamjibu kwa adabu.

Saa tano gari la Abei likatokea. Juu lilikuwa limejaa magunia, na ndani hapakuwa na nafasi ila aliyoikalia yeye. Dereva akapiga honi. Emanikor akaing'ang'ania baiskeli yake, akisema hawezi kuiacha porini. Abei akashuka.

"Panda wewe. Mtoto anaitwa jina lako, si langu. Mimi nitakaa na hii kitu yako."

Alipaswa kukataa. Hata leo, akifika hapa katika kusimulia, kicheko humkauka. Hakukataa. Alipanda.

Alifika saa saba na nusu. Mtoto akamwagiwa maji, jina la Emanikor likatajwa, na aliyepiga makofi kuliko wote ni Nangiro. Emanikor akampakata mjukuu wake akalia, na watu wakasema ni furaha. Ilikuwa aibu. Kando ya Abigael kulikuwa na kiti alichomwekea mama yake, na kilikuwa kitupu.

Abei alifika jua likizama, ameketi juu ya lori la makaa, mweusi kwa vumbi lake, baiskeli ameishika kwa mikono miwili. Hakugomba. Alinawa, akampokea mtoto, akamtazama, kisha akazitazama akala za mumewe.

"Anafanana na wewe," akasema. "Miguu akipata yako ni sawa, ina akili. Kichwa, Mungu amtafutie kwingine."