Nilibadilisha Kozi ya Mutheu Ndio Asiende Mbali

Admin, ficha jina langu, lakini tangazo hili liache kama lilivyo: mimi, mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa mjini Machakos, nawajulisha kwa majonzi makubwa kwamba printa yangu imeacha kutoa rangi nyekundu. Hakutakuwa na mazishi. Waliozoea kuchapishiwa picha za harusi kwangu watavumilia bibi harusi wa kijani kwa muda.

Sasa niseme kilichonileta.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, mjane, na sikujaliwa mtoto. Kompyuta sikufunzwa na mtu, nilijifunza kwa kuziharibu. Shule niliishia darasa la nane, lakini kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mimi ndiye napeleka watoto wa watu chuo kikuu, kwa kuwajazia maombi mtandaoni. Wanakuja kutoka Kathiani, Katangi, kila mahali, na mzazi nyuma amevaa koti la kanisani kana kwamba ni yeye ataulizwa maswali.

"Mwekee daktari," mzazi anasema.

"Baba, hii ni C."

"Basi weka daktari mdogo."

Wengi wa hao watoto hawana simu, kwa hivyo kawaida yetu ni kuandika namba yangu, na paswadi zao zote zinakaa kwa daftari langu. Ujumbe wa kuchaguliwa huja kwangu kwanza. Nimepongezwa na vyuo vingi kuliko profesa yeyote wa Ukambani. Kisha wanaenda. Anayerudi kunisalimia ni yule amesahau paswadi.

Mutheu, na hilo si jina lake, alikuwa tofauti. Mama yake ni rafiki yangu wa tangu usichana, analima Katangi. Mtoto alipoitwa shule ya kutwa hapa mjini, niliombwa nikae naye, tukakaa miaka minne. Akitoka shule anapitia saiba, anatupa begi chini ya meza na kuuliza, "Haya Anti, leo umekosana na nani?" Nami namhadithia mteja wa siku hiyo, anacheka mpaka anashika mbavu. Siku ambazo sikuwa nimekosana na mtu, nilitafuta mmoja kabla ya saa kumi.

Alipita vizuri. Tukakaa pamoja kwa kompyuta, akachagua uuguzi, chuo kikuu kimoja kule Eldoret, chaguo la kwanza. Niliandika kwa vidole vyangu.

"Anti, huko ni baridi. Utanitumia sweta?"

"Mbili," nikasema.

Akaenda Katangi kusaidia mama yake kuvuna ndengu. Wiki hiyo nyumba ilinyamaza vibaya. Asubuhi moja nilikuwa saiba, hakuna mteja, nikajiuliza kwa sauti kama chai imepoa, na nikajijibu. Nilijisikia nikijijibu, jamani. Niliogopa. Muda wa kubadilisha chaguo ulikuwa haujaisha. Nikafungua daftari, nikaingia kwa akaunti yake, uuguzi nikaushusha mpaka mwisho, na juu nikaweka ualimu, chuo kilicho hapa karibu, mahali mtu anaweza kutoka asubuhi na jioni akarudi nyumbani. Haikuchukua muda wa kumaliza kikombe. Ujumbe wa kuthibitisha ulikuja kwa simu yangu, kama kawaida yetu. Nikaufuta.

Majibu yalipotoka nilipiga simu ya mama yake, Mutheu akapewa. Nikamwambia amepata ualimu, hapa hapa. Nikasikia mbuzi wakilia nyuma.

"Ni sawa, Anti. Kumbe pointi zangu hazikutosha."

Nikasema, "Ushindani ulikuwa mkali mwaka huu." Maneno hayo nimewaambia watoto wengi yakiwa ya kweli. Yalitoka bila kukwama.

Wiki iliyopita mama yake alikuja na kiondo cha ndengu na jogoo chini ya kwapa.

"Dada, sina cha kukupa kinachotosha. Umenilelea mtoto, tena ukamtafutia chuo."

"Asi! Hata sijafanya kitu."

"Umefanya. Alilia siku mbili, akijificha huko kwa mbuzi, akidhani sioni. Lakini anasema bila wewe angekosa hata hiyo."

Jogoo huyo yuko kwangu mpaka leo. Siwezi kumchinja. Ananiangalia.

Sasa dirisha la kuomba uhamisho linafungwa Ijumaa. Nafasi za uuguzi kule Eldoret bado zipo, nimeangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Fomu inataka mwanafunzi mwenyewe akubali, na inauliza sababu ya kuhama. Wameacha kisanduku kidogo, maneno kama ishirini hivi. Nimekaa mbele yake siku tatu. Nikimwambia ukweli, nampoteza mtoto, nampoteza mama yake, na kina mama wa kanisa watajua kabla ya ibada kuanza. Nikinyamaza, atakuwa mwalimu asiyetaka kufundisha maisha yake yote, na atakuwa akinishukuru. Hilo la kushukuriwa ndilo linaninyima hamu ya chakula.

Msinitukane sana, nimeshajitukana kwa Kiswahili na Kikamba. Na wale wa kuandika "mwachie Mungu", Mungu hakugusa hiyo kompyuta. Nyinyi ambao mmelea watoto wa wenzenu, au mmewahi kukosewa hivi na mtu mliyemwamini, niambieni: nimwite nimweleze uso kwa uso kabla ya Ijumaa, au ninyamaze?

Jana nilisoma barua ya kujiunga na hicho chuo cha karibu. Ukurasa wa pili unasema wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza ni lazima wakae hosteli.